Karani Hakuwa Akikubali

Mwanangu Hadija,

Sikuulizi hali. Kitanda chako kinalia upande wa pili wa ukuta huu tangu baada ya isha, unageukia huku, unageukia kule, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Barua hii naiweka ndani ya boksi la Karani, chini ya kitambaa anacholalia. Nimekiona kikapu chako ulichokificha nyuma ya pipa la maji. Nimeiona na karatasi ya serikali ya kukupangia kituo, ulivyoishonea kwenye pindo la gauni. Umeshona vibaya, na wewe ni mtoto wa mshona magodoro! Nimefumua nikairudia. Najua alfajiri unataka kuondoka bila kuniaga mimi, lakini bila kumuaga mjusi wako huondoki, ndiyo maana nimekuvizia hapa.

Tangu Jumapili hunisemeshi ila "ndiyo mama" na "hapana mama", na chakula unakula ukiangalia ukuta. Sikulaumu. Siku ile ya kikao ulikuwa nyuma ya pazia. Ulimsikia baba yako mkubwa akisema kwamba habari ya kwenda kufundisha porini huko mbele ya Geita iishe, kwamba amepatikana mtu wa heshima Kahama, mwenye mchele na ng'ombe, na kwamba utaolewa kabla ya mfungo. Kisha ukaniona mimi, mama yako mzazi, naitikia kwa kichwa. Ukaona mama anakutoa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Hadija. Kahama hainitishi, wala baba yako mkubwa hanitishi, lakini siwezi kukuacha upande basi ukiwa umeibeba picha ile.

Sasa, nikianza kujitetea moja kwa moja utaikunja barua uitupe kikapuni. Nakujua. Kwa hiyo nitaanza na Karani, maana habari zake hujawahi kuzikataa, na taratibu tutafika kwenye kichwa changu. Mambo ya kuchemsha maji na kubeba sweta siyaandiki. Wewe ndiwe utakayewaambia watoto wa watu wachemshe maji. Na makosa ya herufi uyaache kama yalivyo. Ni wewe uliyenisukuma kwenda kisomo cha watu wazima, basi vumilia mavuno yako.

Unakumbuka alivyoingia humu ndani? Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza ualimu wa mafunzo hapa mjini, asubuhi unafundisha, jioni unafundishwa. Mimi nilikuwa barazani najaza godoro. Nilipolimwaga gunia la pamba, kikaanguka kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, rangi ya vumbi, kichwa kikubwa mwili hakuna. Nikavua ndala. Ukanidaka mkono.

"Mama, huyo ni mtoto."

"Mtoto wa mjusi kafiri. Akikua atakuwa kafiri mzima."

"Amefanya nini?"

Nikakueleza kama nilivyoelezwa mimi. Kwamba mjusi huyu huinua kichwa na kukishusha, kuinua na kushusha, kwa sababu anawadhihaki watu wanaoswali. Kwamba babu yake ndiye aliyeupuliza moto uwake zaidi, ule moto aliotupwa Nabii Ibrahimu. Ndiyo maana watoto wakitoka madrasa humpiga mawe, na hakuna mzazi anayewakemea. Hayo yote mimi niliyakuta mjini. Kwetu Usukumani mjusi ni mjusi. Lakini nilipoolewa na marehemu baba yako niliyashika ya mjini kwa nguvu kuwashinda waliozaliwa nayo, nisije nikaonekana mshamba.

Wewe ukakitazama kile kitu kiganjani mwako, ukaniuliza, "Huyu naye alikuwepo kwenye ule moto? Amezaliwa juzi mama, alipuliza saa ngapi?"

Nikavaa ndala yangu. Usidhani ni huruma. Mimi sipendi kushindwa na mtoto, kwa hiyo nikajifanya nina kazi nyingi.

Hapo hapo kiganjani akainua kichwa akakishusha, juu, chini, juu, chini. Nikacheka, nikasema huyu ni kama yule karani wa kwenye kinu cha pamba, anayemwitikia mkubwa wake kabla hata hajamaliza kusema. Tukamwita Karani, na jina likashika. Kumbe tulikosea tangu kwenye jina.

Kisha nikaanza kumuua kwa mapenzi. Nilimpa ugali. Mimi nikimpenda mtu nampa ugali, sijui njia nyingine. Nikaumega vipande vidogo vidogo, nikavifinyanga, nikamsogezea mdomoni. Akaangalia pembeni. Nikampa wali. Nikachovya pamba kwenye maziwa nikamdondoshea, maziwa yakakaukia kidevuni. Siku zikapita, ngozi ya mbavuni ikaanza kujikunja, mifupa ya kiunoni ikatokeza, akawa anafumba macho mchana kweupe. Nikakwambia huyu hataki kuishi, tumwache. Wewe ukalia mpaka ukakwama pumzi, msichana mkubwa, mwalimu! Na katika kulia huko ndipo sisimizi mmoja alipopita mbele ya pua yake, na Karani akafungua macho, akanyata hatua moja, pwa! Sisimizi hayupo.

Nilikaa chini. Alikuwa anakufa njaa huku amezungukwa na ugali wangu. Kwake yeye kitu kisichotembea si chakula, na mimi nilimrundikia vya kutulia ambavyo napenda mimi. Wala sikuwa mchoyo, Hadija. Nilikuwa nampa kile ambacho ningependa kupewa.

Basi nikazidisha, ndiyo tabia yangu. Siku ya pili yake nikamletea panzi mnene, wa kijani, aliyeshiba majani ya pamba ya watu. Akamvamia, akamkaba, akammeza nusu, miguu ya panzi ikabaki inaning'inia nje kama mwanamke aliyebeba kuni nyingi mno. Alipofanikiwa kummeza alikuwa amevimba, na kesho yake akaburuta miguu ya nyuma siku nzima. Wewe ndiye uliyegundua kipimo. Panzi asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Nilikuwa nakuona umepiga magoti uani, umemshika panzi kwa mbawa, unamlinganisha na uso wa mjusi kama fundi anayepima kola. Majirani waliochungulia juu ya ua sijui walifikiri nini.

Na ulinifundisha kwamba mtoto hali kama mkubwa. Mkubwa anakula akishiba anatulia mpaka kesho. Mtoto anataka kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo tena kabla jua halijashuka, na akikosa siku moja tu unamwona mkiani. Mkia ukiwa umejaa, ameshiba, ukisinyaa, njaa. Siku za kumbikumbi tulikuwa tunagombania bakuli moja, sisi wa kukaanga na yeye wa kula wabichi.

Hata hivyo nikakosea tena. Kwa kumhofia paka wa jirani nikalitia boksi chini ya kitanda changu, nikalifunika na kanga. Nilijiona mama bora. Chakula akala, lakini akawa mweusi, tumbo likawa gumu, na alichokula kikamchachia ndani. Tulipomtoa juani akajilaza bapa juu ya jiwe, akajinyoosha mpaka vidole, na mchana rangi yake ya vumbi ikamrudia. Kumbe ule weusi ulikuwa baridi tu, mwili unalivuta joto kwa nguvu zake zote. Mjusi hana moto wake mwenyewe. Asipoota jua hawezi hata kukisaga kile alichokula. Mimi nilikuwa nimemficha paka nikamficha na jua, na bado nilikuwa nikishangaa kwa nini hanenepi.

Kosa la ngozi sitalisahau. Alipoanza kubambuka, mabaka meupe mgongoni, nikasema upele huo. Nikakaa naye mapajani, nikaanza kumchuna, taratibu, kwa kucha, ile ya kidole cha mguu wa kulia ikakataa nami nikaivuta. Akatoka damu. Mpaka leo kidole kile hakina ncha, na kila nikikiona nasikia vibaya. Ngozi ya zamani hutoka yenyewe ikiwa tayari. Kazi yetu ilikuwa kumrushia matone ya maji na kukaa mbali.

Nimeyaandika haya kwa sababu baba yako mkubwa, Hadija, si adui yako. Nataka ulijue hilo ingawa nina hasira naye hata kalamu inatoboa karatasi. Yeye anakupa ugali. Anakupa alichopewa binti yake, na dada yake, na mama yake, na anashangaa umefumba mdomo. Na huyo mtu wa Kahama wanasema ni mpole, sina neno naye. Anaweza kuwa mume mwema wa mtu.

Sasa twende kwenye kichwa.

Miaka ile ya mwanzo sote wawili tulidhani Karani ni jike, maana alibaki na rangi ya vumbi. Dume tulimjua, yule mkubwa aliyekuwa akikaa juu ya ukuta wa uani, kichwa na mabega mekundu, kiunoni mpaka mkiani bluu, ungedhani amevaa sare. Karani alikuwa akitoka kwenye boksi kuota jua, lakini hakuthubutu kupanda ule ukuta. Akimwona yule mkubwa anajibana chini, anakuwa kama kijiti. Mpaka ile Ijumaa watoto walipompiga yule mkubwa jiwe la kichwa, akaanguka uani kwetu, mbele ya godoro nililokuwa nikishona.

Walikuja kumchukua wakishangilia. Nikasimama na ile sindano yangu ya magunia mkononi. Nikawaambia atakayeingia uani kwangu na jiwe atatoka amefumwa kama mto. Wakakimbia. Mimi nikabaki nimesimama, najishangaa, kwa sababu maisha yangu yote ya ndoa na umaskini na ujane sikuwahi kumpandishia mtu sauti kwenye mtaa huu, na ya kwanza nimeipandisha kwa ajili ya mjusi aliyekwisha kufa.

Ndipo Karani akapanda ukuta. Siku ya kwanza kichwa kilikuwa cha vumbi. Kadiri siku zilivyokwenda wekundu ukatoka shingoni ukapanda, bluu ikashuka mkiani, na kabla mwezi haujaandama tukawa na dume ukutani. Rangi ilikuwemo siku zote, ila aliikalia akiwa chini ya mwenzake. Wewe ulicheka ukaniuliza, "Mama, tumbadilishe jina?" Nikasema hapana, makarani wanaume wapo wengi.

Mtaa ukasema. "Mama Hadija anafuga kafiri." Mwanamke mmoja, hutamsahau, alikuja kuchukua godoro lake akamwona Karani juu ya ukuta anapandisha kichwa, akasema hawezi kulalia godoro lililoshonwa mbele ya kiumbe kile. Nikamwambia, "Basi lala chini." Na alilala chini mpaka mgongo ulipomtuma arudi.

Lakini maneno yao yalinifanya nimtazame. Mimi nakaa pale barazani tangu asubuhi, mkono unakwenda wenyewe, macho yapo huru. Nikasema ngoja nione hiyo dhihaka yake. Anapandisha kichwa asubuhi jua likimgonga. Anapandisha adhuhuri watu wamelala. Anampandishia kuku. Alijiona kwenye debe jipya akalipandishia debe mpaka akachoka. Nikafikiri, kama huyu anadhihaki swala, basi ana swala nyingi kutushinda sote. Halafu siku moja akaja dume mgeni kwenye ukuta ule, na Karani akanyanyuka kwa mikono, kidevu juu, akakipandisha kichwa na kukishusha, kwa nguvu, kwa nguvu, mpaka mgeni akageuza. Wewe ulikuwa umetoka shuleni, umeshika chaki bado. Ukasema, "Umeona mama? Haitikii mtu. Anasema hapa ni pangu."

Hapa ni pangu. Miaka yote hiyo tulimwita Karani tukidhani anasema ndiyo bwana.

Nami nilijiuliza ni mangapi ambayo watu wameyasoma kwenye kichwa changu. Tangu baba yako afariki mimi nimekaa kwenye nyumba hii kwa kuitikia kwa kichwa. Akija shemeji, nashusha macho, naitikia. Akisema chumba cha mbele apangishwe mtu, naitikia. Sikufundishwa hivyo kwa ubaya. Kwetu mwanamke anayemsikiliza mkubwa huonyesha anasikia, basi. Kichwa changu kinasema "nimesikia". Wao siku zote wamepokea "nimekubali", nami sikuwahi kuwasahihisha, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa madogo na paa lilikuwa juu ya kichwa chako. Hapo nilikosea. Watu ukiwazoesha kusoma kichwa, hawakuulizi tena mdomo.

Siku ya kikao nilikaa mkekani, karibu na mlango. Shemeji alipoanza na habari ya porini nikaitikia kama kawaida, nimesikia. Akasema, "Msichana akienda huko kwenye machimbo, katikati ya wachimbaji, atarudi kafiri." Aliposema neno lile, Hadija, kuna kitu kilinipanda. Nikainua kidevu. Kichwa changu kikaanza kwenda, juu, chini, juu, chini, kwa nguvu, na nilikuwa navuta pumzi ili niseme. Nilikuwa na neno mdomoni, naapa. Yeye akaniona, akafurahi. "Mama mtu amekubali. Fatiha!"

Na ikishasemwa Fatiha, nani anapayuka? Mikono yote ilikwisha inuliwa. Nikainua na yangu. Nilipoishusha, watu walikuwa wanapeana mikono, na pazia lako lilikuwa likicheza, kwa hiyo nikajua umeona na umeondoka.

Wanasema kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake. Sijasikia mahali popote walipotaja kichwa cha mjane.

Leo mchana niliposema naenda kununua nyuzi sikwenda kununua nyuzi. Nilikwenda dukani kwa baba yako mkubwa. Nilimkuta anakunja kanga. Nikampa heshima yake yote.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mama Hadija. Za nyumbani? Bi harusi wetu?"

"Mzima. Shemeji, nimekuja kwa habari ya kile kichwa changu cha Jumapili. Hakikukubali."

Akacheka kwanza, alidhani namtania. "Tulikuona sote."

"Mliona kichwa. Mdomo hamkuusikia."

Akaweka kanga chini. "Fatiha imesomwa, mama. Unataka niende Kahama nikawaambie watu nini?"

"Waambie mama yake ana ugonjwa wa shingo. Na Fatiha haiharibiki, tuisome tena, tumwombee mtoto safari njema."

Hapo akakasirika. Akasema maneno ambayo sitayaandika, na moja ambalo nitaliandika, kwa sababu utalisikia kwa watu. Alisema, "Nyumba ile ni ya ndugu yangu. Mwanamke anayenishinda mimi atafute pa kushonea magodoro yake." Nikamwambia, shemeji, ndugu yako alikuwa na mke na ana mtoto, na haki zetu zimeandikwa kwenye kitabu unachokisoma wewe vizuri kuliko mimi. Kifungue, kisha uje tuzungumze. Nitakuwa barazani kama kawaida. Akaiokota kanga yake akaendelea kuikunja. Nikamuaga kwa adabu nikaondoka, nikakaa kidogo kwenye ngazi za duka la jirani kabla ya kurudi nyumbani. Usidhani mama yako hana woga. Ninao, tena mwingi, ila leo niliubeba nikaenda nao.

Ndiyo maana jioni akamtuma shangazi yako aje "kutusalimia" na mto wake mkononi. Amelala sebuleni kukulinda. Anakoroma vizuri.

Nyumba hii isikufanye ubaki, Hadija. Najua ukisoma hapa moyo utakwambia rudi, mama atafukuzwa. Nani anifukuze? Nimeolewa humu, nimezalia humu, maiti ya mume wangu imetokea mlango huu. Akija nitakuwa nimekaa na sindano yangu, na atakisikia kile ambacho Jumapili hakukisikia. Hii ni vita yangu, niliiahirisha miaka mingi, usinipokonye. Ukiniachia Kahama ikuchukue ili mimi nilale salama, sitalala salama siku moja maishani mwangu. Nakupenda. Nikikuambia kwa mdomo nitalia, ndiyo maana nimeliandika.

Huko uendako, ukishavuka kwa pantoni na ukaipita Geita, watu wanasema Kisukuma cha bibi yako. Wasalimie, mwangaluka asubuhi, na upige goti hata kama wewe ni mwalimu. Watakukaribisha chakula kingi. Wengine watakupa ugali kama wangu, kwa upendo, na si wote utakaoweza kuumeza. Na darasani utamkuta mtoto mweusi wa baridi, amefumba macho, watasema mzito. Wewe unajua la kufanya, mimi sijui la kukuongezea.

Karani usinibebee. Najua umemtobolea kikapu matundu. Mlango wa boksi hili haujafungwa tangu siku za mavuno. Nilikuficha, uendelee kumletea panzi, kwa kuwa nilipenda kukuona unapima. Anajilisha mwenyewe. Anarudi kulala tu. Ukimtoa kwenye ukuta wake ukampeleka kwenye ukuta wa dume mwingine, atarudi kuwa vumbi. Muache, tutakaa wawili, kila mmoja na sehemu yake ya kupandishia kichwa. Na hii alfajiri utamkuta mweusi, baridi, hakutazami. Hajakukasirikia. Anasubiri jua.

Sasa sikiliza neno la mwisho. Usitokee mlango wa uani kama mwizi. Toka mlango wa mbele. Komeo nimekwisha litoa. Vaa viatu vyako, vilie. Shangazi yako akiamka, na aamke, ataona mwalimu anakwenda kazini. Basi la Mwanza haliondoki mpaka kupambazuke, una wakati wa kutembea kama mtu.

Mimi utanikuta nimekaa barazani, karibu na mlango. Usitegemee nikuage kwa maneno, kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na sitaki shangazi yako apeleke dukani habari kwamba nililia. Nitakitazama kikapu chako, nitakutazama wewe usoni, kisha nitakipandisha kichwa na kukishusha. Safari hii, mwanangu, nimekubali.

Mama yako